Tenisi ya Mbao Mbili Pale Lindi

Wiki jana mwenye kibanda chetu cha PS pale Lindi alitaka kubadilisha diski ya Top Spin 4 apewe FIFA ingine. Nilikataa mbele ya watu wote, wakaniona kama nimechizi. Basi leo wacha nijitetee, na nitasema ukweli, hata ule hautanisaidia.

Hii gemu ni mzee. Ilitoka 2011, na iliyoifuata, TopSpin 2K25, ikachukua miaka 13 kufika. Hiyo mpya haiingii kwa PS3, na kwetu PS3 ndiyo bado inalisha mtu. Ni hii ya zamani ama hakuna tenisi.

Utamu wake uko kwa kidole. Kwa FIFA unaweza kubonyeza ovyo na bado Messi akufungie. Hapa ukigusa kitufe kidogo tu, mpira unaenda pale unataka lakini bila nguvu. Ukikishikilia, unapiga kombora, na pengine linatoka nje. Skrini inakuambia papo hapo kama umewahi ama umechelewa. Hata uchovu uko: mkimbize Federer kona hadi kona, mechi ikisonga utaona miguu imekuwa mizito. Hiyo kitu ilinifunza kungoja, na mimi si mtu wa kungoja, muulize mamangu.

Sasa ubaya. FIFA ina dakika. Unalipa mbao, zikiisha unatoka. Tenisi haina saa. Mkifika 40 kwa 40 mnaweza kurudishana hapo mpaka foleni ya nje ianze kuwatusi. Ndio maana gemu yangu ni mbao mbili, na stima ikipotea katikati, pesa imeenda.

Lakini kuna lingine liliniuma zaidi. Mwaka jana kocha fulani alikuja na raketi kwa uwanja wa shule. Nikajitokeza kifua mbele, maana kuhesabu pointi nilijua kuliko wote. Mpira wa kwanza ukanipita sikioni. Wa pili nikautuma kwa mabati ya jirani. Kwa gemu ukishabonyeza, mchezaji mwenyewe anageuza bega, anapanga miguu. Hizo kazi mbili sikuwahi kujua ziko. Nilichapwa na msichana hajawahi kushika padi maisha yake, lakini anaruka kamba kila jioni.

Na mle ndani mtu wetu hayuko. 2011 Angella Okutoyi alikuwa na miaka 7, hiyo naelewa. Lakini 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana ya wawili wawili, na ile ya 2024 ikatoka bila yeye. Kwa hivyo nilitengeneza wangu. Nilimtoa sifuri, nikamlea mashindano baada ya mashindano, mbao mbili mbao mbili, na sasa yuko kiwango cha 14. Diski ikienda, atabaki amefungiwa ndani ya mashine.

Mwenye kibanda amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nikileta watu 5 wa kulipia tenisi, diski inabaki. Niko na 3, na mmoja ni binamu yangu ambaye hulipa na maneno. Nitakuwa pale Jumamosi asubuhi, kabla watu wa FIFA waamke.