Nyumba Njema Si Mlango: Kutafuta Makao Kati ya Bandari na Kariakoo



Barua ya uhamisho ni karatasi moja tu, lakini huhamisha nyumba nzima. Baba au mama ameambiwa aripoti kazini Dar es Salaam tarehe mosi. Majirani wanasaidia kufunga magodoro kwa kamba, masufuria yanapangwa ndani ya beseni, na watoto wanauliza kama ni kweli kwamba huko kuna bahari. Swali lililo zito kuliko yote hawaliulizi, kwa kuwa wao hawalipi kodi: tutakaa wapi?

Wengi wetu hulijibu swali hili kwa kutazama jambo moja tu, yaani bei ya chumba. Tunatafuta mahali penye kodi ndogo, tunalipa, tunahamia, na kabla ya mwaka kwisha tumekwisha kujuta. Wahenga walituonya zamani kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kodi ndiyo mlango. Basi, ewe unayejiandaa kuhamia jijini, fuatana nami kwa miguu kutoka bandarini hadi Kariakoo, tuone kilichomo ndani.

Kutoka majini hadi Mnazi Mmoja

Tuanzie Kivukoni, mahali ambapo pantoni za Kigamboni humwaga watu alfajiri. Hapa, kando ya kijiji cha Mzizima, ndipo Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapa makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo, na tangu wakati huo bandari hii imekuwa ikiwaita watu wa bara kuja kutafuta riziki.

Ukiipa bahari kisogo ukatembea kuelekea magharibi, utapita kwanza katika majengo ya ofisi na mabenki, kisha katika mitaa ya maduka na maghorofa ya zamani ya upande wa Kisutu, halafu ghafla utatokea kwenye uwazi wa Mnazi Mmoja. Uwazi huo haukuachwa kwa bahati. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi ya ngozi: Wazungu karibu na bahari, Wahindi katikati, na Waafrika ng'ambo ya kiwanja hiki. Hivyo swali la nani akae wapi katika jiji hili ni la zamani kuliko sisi sote. Zamani mtu aliamuliwa na serikali ya kikoloni. Leo anaamuliwa na mfuko wake. Yule wa kwanza tulimwondoa. Huyu wa pili inatubidi tujifunze kupambana naye kwa akili.

Kariakoo ya uani

Vuka Mtaa wa Lumumba, umekwisha kuingia Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioitwa Carrier Corps, waliopiga kambi hapa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Watu walilikata jina hilo la kigeni wakalipika upya katika vinywa vyao, likawa letu.

Kwa miaka mingi Kariakoo ilikuwa mahali pa kulelea watoto. Nyumba yake ilikuwa ile ya Kiswahili tunayoijua: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani penye jiko na choo. Mwenye nyumba aliishi humo humo pamoja na wapangaji wake. Ugomvi ulikuwapo, wa zamu ya kufagia na wa ndoo iliyohamishwa bila ruhusa. Lakini mama aliyekwenda sokoni alimwacha mtoto uani akijua kwamba macho ya watu sita yanamtazama. Baba aliyefanya kazi bandarini alirudi kwa miguu, akakuta chakula bado kina moto.

Leo, ukisimama Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi, utazitafuta nyumba hizo kwa taa. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, kila hatua ya ardhi ya hapa imekuwa na thamani kubwa mno kwa kulaza familia. Wenye nyumba waliuza, au waliingia ubia na wenye fedha, maghorofa yakapanda, na vyumba vikawa maduka na ghala. Wanunuzi wanatoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Soko kuu lenyewe, kazi ya msanifu wetu Mtanzania Beda Amuli, lenye paa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa, lilifunguliwa mwaka 1975. Likaungua Julai 2021, na ukafuata ujenzi wa kulirudisha na kuongeza jengo jipya pembeni yake.

Je, familia bado inaweza kukaa hapa? Wapo wanaokaa, katika orofa za juu na katika nyumba chache za chini zilizosalia. Faida yao ni kubwa: kila kitu kiko miguuni. Shule za serikali zipo, na mojawapo, Uhuru Mchanganyiko, inajulikana nchini kote kwa kuwapokea watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Mwenye mtoto wa namna hiyo asikimbilie pembezoni kabla ya kufika pale kuuliza.

Lakini mtoto wa Kariakoo leo hana pa kuchezea ila ngazi na kingo za barabara. Tena iko hatari nyingine. Mwezi Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka hapa hapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Kwa hiyo ukionyeshwa chumba ghorofani, usitazame rangi ya ukuta tu. Shuka chini uangalie kama kuna watu wanachimba au kubomoa ili kupanua maduka. Ukiona nguzo zinaguswa, aga kwa adabu uende zako.

Ng'ambo ya Msimbazi

Tusonge mbele. Ukiivuka Barabara ya Msimbazi na kuelekea magharibi kidogo utafika Ilala, iliyopimwa tangu enzi za mkoloni ili kuipunguzia Kariakoo mzigo. Hapa nyumba za uani bado zipo kwa wingi, ingawa nako maghorofa yameanza kuchungulia. Soko liko karibu, Hospitali ya Amana iko karibu, na mtu mwenye afya hufika Kariakoo kwa miguu. Kwa mfanyakazi wa katikati ya mji mwenye watoto wadogo, mimi ningeanza kuuliza hapa, na nikishindwa ningesogea Buguruni.

Kaskazini iko Magomeni, ambako baada ya Uhuru Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilijenga nyumba nyingi mahali pa vibanda vya udongo. Kufika huko unapita bonde la Jangwani. Simama hapo kidogo, ndugu msomaji. Bonde hili ni la Mto Msimbazi, na mto haukusahau njia yake. Desemba 2011 mafuriko yalizikumba nyumba za mabondeni, watu wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Barabara yenyewe imefungwa na maji mara nyingi baada ya hapo. Chumba cha bondeni huwa rahisi kwa sababu moja tu, na sababu hiyo huja usiku wakati watoto wamelala.

Kwa mwenye kazi bandarini, upande wa kusini una maana zaidi: Keko, Chang'ombe, Temeke, Tandika. Kurasini yenyewe imepoteza makazi mengi kwa ajili ya shughuli za bandari. Kigamboni nako kumesogea karibu tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, na pantoni bado zinavusha. Lakini usihesabu safari ya pantoni kwa dakika za kuvuka maji. Hesabu na zile za kusubiri foleni.

Hesabu ya pembezoni

Hapo ndipo dalali atakapokuambia, "Ndugu yangu, kwa nini ujibane? Nenda pembezoni, kodi nusu, hewa safi, kiwanja cha watoto." Hasemi uongo. Jiji hili lilikuwa na watu 843,090 katika sensa ya mwaka 1978, na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Haiwezekani wote wakae kati ya bandari na Msimbazi. Wengi wameenda mbali, na wengi wamefanya vyema. Lakini hesabu ifanyike yote.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na kila gari ni shilingi 700. Hizo ni shilingi 2,800 kwa siku, yaani 72,800 kwa siku 26 za kazi. Kama mume na mke wote wanafanya kazi mjini, ni shilingi 145,600. Ongeza nauli za watoto wanaosoma mbali na maji ya kununua kwa ndoo. Sasa jumlisha na ile kodi ndogo, kisha ulinganishe na kodi ya Ilala iliyokutisha.

Kuna na hesabu ya pili ambayo dalali haijui. Safari ya saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi ni saa tatu kwa siku, saa 78 kwa mwezi: zaidi ya siku tatu, mchana na usiku, umekaa au umesimama garini. Saa hizo hazitoki kazini, mwajiri hakupunguzii. Zinatoka kwa watoto. Mzazi anaondoka wamelala na anarudi wamelala, na Jumapili mtoto anamtazama kama mgeni aliyekuja na mkate. Hakuna kodi iliyo ndogo kiasi cha kulipia hilo.

Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yalipunguza maumivu hayo kwa wanaokaa kando ya Barabara ya Morogoro, japo misongamano ya vituoni ni mirefu. Kwa hiyo ukilazimika kwenda mbali, usipime kwa kilometa. Pima kwa njia. Mahali pa mbali penye gari moja la moja kwa moja ni karibu kuliko mahali pa karibu penye magari mawili na bodaboda.

Kabla hujatoa fedha

Sasa kwa kuwa umepata mtaa, nakuomba ufanye mambo machache kabla fedha haijatoka mfukoni.

Nenda mara tatu: alfajiri, adhuhuri na usiku. Alfajiri utaona kituo cha basi kilivyo na kama mtu hupata nafasi ya kupanda. Adhuhuri utaona watoto wanavukaje barabara watokapo shuleni. Usiku utasikia ni baa au ni jenereta. Na ukibahatika, nenda siku ya mvua. Mvua moja hukuambia mengi kuliko madalali kumi.

Uliza maji yanatoka siku gani, na kama ya kisima ni ya chumvi. Uliza mita ya LUKU ni ya nani na wapangaji wanachangia vipi, kwani umeme wa pamoja umevunja ujirani mwingi kuliko wivu. Tazama choo kabla ya sebule. Fika shuleni uulize kama kuna nafasi. Mwaka 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne, lakini sare, chakula na nauli vimebaki juu yako, na shule iliyo umbali wa kutembea ni sawa na nyongeza ya mshahara.

Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, na dalali atataka ya mwezi mmoja iwe yake. Usilipe mtu yeyote kabla hujamwona mwenye nyumba kwa macho yako. Andikishaneni mkataba, na ikiwezekana mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie. Ukihamia, usisubiri kutafutwa: nenda kwa balozi wa nyumba kumi ukajitambulishe. Utaratibu huo uliasisiwa na TANU katika miaka ya 1960, na hekima yake haijachakaa, kwamba katika jiji la watu wasiojuana, pawepo mtu mmoja anayejua wewe ni nani na watoto wako ni wangapi.

Maana hatimaye, ndugu msomaji, ule uani wa Kariakoo haukuwa matofali. Ulikuwa ni watu waliokubali kumtazama mtoto wa mwenzao. Nyumba nyingi zilizouzunguka zimebomolewa, lakini uani wenyewe unaweza kujengwa Ilala, Temeke au hata Kimara, na mgeni mwenye salamu ndiye anayeweka jiwe la kwanza. Chagua mahali ambapo utarudi kabla watoto hawajalala, na jirani amekwisha kuwaita jina. Hapo utakuwa umefungua mlango, na umeingia ndani.