Neno Nililoliandika kwa Mkono Wangu

Nina banda la gemu hapa Sindeni, kando ya lami itokayo Korogwe kwenda Handeni. Ukipita na basi huenda usilione. Limejibana kati ya duka la pembejeo na kibanda cha chipsi. Leo lina kompyuta tatu na kelele za watoto, lakini ushuhuda wangu ni wa ile kompyuta ya kwanza, na wa miezi mitatu ya mwaka 2022 iliyonikondesha.

Machi mwaka huo mama alinikopea shilingi laki nne kwenye kikoba chake. Mvua za vuli zilikuwa zimetutupa, mahindi yalikauka yakiwa usawa wa magoti. Nikamwambia watoto wa hapa wanapanda bodaboda mpaka Handeni mjini kwenda kucheza gemu. Afadhali hela hiyo ibaki kijijini. Biashara yenyewe hakuielewa, ila mimi alinielewa. Akasema, "Kikoba ni watu, mwanangu. Usiniaibishe mbele ya wenzangu."

Nikanunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye kadi ya picha aina ya Radeon HD 7750, kadi iliyotoka mwaka 2012. Kuukuu, lakini nzima. Windows iliyokuwamo ilikuwa ya wizi na imejaa virusi vya flashi. Nikaifuta, nikaweka Debian 11, Linux isiyodai ada ya leseni. Mwongozo wake una sehemu nzima kuhusu vifaa vinavyohitaji faili za ziada. Sikuusoma. Nilikuwa na haraka, Ramadhani ilikuwa mlangoni.

Nilipoiwasha, maandishi meupe yalipita mbio, kisha kioo kikawa cheusi ti. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikampigia simu kijana mmoja fundi. Akanielekeza: kwenye orodha ya kuwashia bonyeza herufi e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset. Nikaongeza, kioo kikafunguka! Kwa furaha nikaliandika neno lile kwenye faili la GRUB, programu yenye orodha ile ya kuwashia, likae humo moja kwa moja nisihangaike nalo kila asubuhi. Nikamtumia fundi elfu tano ya soda. Halafu nikalisahau.

Idi el-Fitri ikafika. Watoto walikuja na kanzu mpya na hela za sikukuu, mia tano kila mmoja. Nilikuwa nimewawekea SuperTuxKart, gemu ya bure ya mbio za magari. Mbio zikaanza, na hapo hapo zikaanza kuganda. Picha moja, unasubiri, picha nyingine. "Kaka, gemu inastaki!" Mwingine akasema gari lake linaruka kama chura. Kabla ya adhuhuri banda lilikuwa tupu. Mmoja alirudi kudai mia tano yake, nikampa. Jioni nilihesabu shilingi elfu mbili na mia tano.

Baada ya hapo nilifanya kila kitu isipokuwa kile kilichohitajika. Nilipunguza ubora wa picha mpaka miti ikawa kama matofali. Nilipuliza vumbi. Nilinunua RAM nyingine ya GB 4. Nilichoma bando la usiku nikipakua gemu upya, umeme ukakatika katikati, nikaanza tena. Muuza chipsi akawa ananitania: "Handeni nzima hii na waganga wake, wewe umekosa wa kuiagulia kompyuta?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa meno tu.

Kila Jumamosi kikoba kilikuwa na marejesho. Niseme ukweli, maana ushuhuda wenye kificho si ushuhuda: niliuza mbuzi wangu wawili, nikampelekea mama hela nikimwambia ni mapato ya gemu.

Mwezi wa sita, binti wa mjomba wangu alirudi likizo kutoka chuoni. Nikamsimulia yote: vumbi, RAM, bando. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa, kaka. Na yenyewe inasemaje?"

"Nani?"

"Kompyuta."

Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika glxinfo, akatafuta mstari unaotaja mchoraji wa picha. Pale palipotakiwa kusomeka jina la kadi yangu paliandikwa llvmpipe. Akanifafanulia: llvmpipe ni programu inayoifanya prosesa ichore kila picha yenyewe, pale kadi isipopatikana. Prosesa yangu ilikuwa inachota maji kwa kata wakati pampu imelala. Kadi niliyoinunua kwa hela ya kikoba haikuwa imefanya kazi hata siku moja.

Akaandika tena, cat /proc/cmdline, kuona kompyuta iliamshwa kwa maneno gani. Mwishoni pale, nomodeset.

"Hili neno nani kaliweka?"

Nikanyamaza. Mwandiko ulikuwa wangu.

Neno lile, alisema, huizuia keneli, kiini cha mfumo, kukabidhi kioo kwa draiva ya kadi. Ni plasta ya kufikia hospitali, nami nilikuwa nimeivaa miezi mitatu nikidhani nimepona. Tukaliondoa kwenye faili la GRUB, tukaandika update-grub, tukawasha upya, kioo kikarudi kuwa cheusi. Mimi nikashika kichwa, yeye akatabasamu. Kumbe alitaka kosa lijirudie ili liandikwe. Tukawasha tena kwa neno lilelile, safari hii kwa muda tu, akaandika journalctl -b -1, yaani soma daftari la uwashaji uliopita. Humo draiva ya radeon ililalamika wazi: imekosa fimwea.

Fimwea ni maelekezo ambayo kadi hupakiwa kila inapoamka. Bila hayo draiva ni dereva aliyekaa kwenye gari lisilo na ufunguo. Debian ya wakati ule, kwa msimamo wake wa programu huru, haikuyaweka kwenye kisakinishi chake cha kawaida, kwa kuwa hayatolewi pamoja na msimbo wake wa chanzo. Baadaye mwaka huohuo wanachama wake walipiga kura kubadilisha utaratibu, na toleo la 12 lililotoka Juni 2023 linakuja nayo. Sisi tuliongeza maneno contrib na non-free kwenye orodha ya vyanzo, tukasakinisha firmware-amd-graphics, tukawasha bila nomodeset. Kazi ya nusu saa.

Ilipowaka, kioo hakikuwa cheusi. Tukauliza upya ni nani anayechora. Jibu likaanza na AMD.

Ulibaki mtihani mmoja. Gemu za Windows nilizotaka kuzipitisha kwa Proton, programu ya kuziendesha kwenye Linux, zilidai Vulkan, njia ya gemu kuzungumza na kadi, na draiva ya radeon haina Vulkan. Kwa kadi za kizazi kile keneli yetu ilichagua radeon yenyewe, ingawa draiva mpya zaidi, amdgpu, iliweza kuibeba kadi. Tukaandika kwenye mstari wa kuwashia radeon.si_support=0 na amdgpu.si_support=1. Safari hii kila neno niliandika kwenye daftari pia: tarehe, sababu, na namna ya kuliondoa.

Idi ya kuchinja, Julai, watoto walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ndoo. Magari yalikwenda bila kuruka. Yule aliyenidai mia tano yake alikuja wa kwanza, akacheza raundi nne.

Ndugu yangu unayepambana na kioo cheusi mahali fulani, kadi yako huenda si kama yangu na draiva yako ikawa nyingine. Lakini kabla hujanunua kitu wala kunakili amri ya mtu, iulize mashine inachosema. Na ukipewa dawa ya kuvukia usiku, iandike mahali, asubuhi uiache.

Jioni ile ya Idi nilimpelekea mama marejesho, hela ya gemu kweli. Nikakiri habari ya mbuzi. Akazihesabu noti, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Wale mbuzi niliwakosa siku ileile," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."