Mahindi Niliyomlisha Simba

Mbwa wangu Simba alikufa kwa ugonjwa wa ini, na chakula kilichomuua nilimlisha mimi. Daktari aliponiuliza amekula nini, nilimdanganya. Makosa haya mawili ni yangu, na ninayaungama yote.

Mahindi yetu yalinyeshewa yakiwa bado yameanikwa uani, hapa Machakos. Baadaye nilipofungua gunia moja, punje zilikuwa zimeshikana na nyingine zimeota kuvu la kijani. Nilijua si chakula cha watu. Huku kwetu habari za sumukuvu hatuhadithiwi: mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa kwa mahindi ya namna hiyo. Lakini kutupa gunia zima kuliniuma. Nikalipeleka kusagwa, nikisema tumbo la mbwa halichagui. Kila jioni Simba akapikiwa ugali wa unga ule, nami nikajifariji kwamba moto utamaliza ubaya wote.

Moto hauimalizi sumu hiyo. Kuvu lenyewe hufa, ila sumu liliyokwisha kuitoa hubaki ndani ya unga, na mzigo wa kuishughulikia huliangukia ini. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi. Mwishoni mwa 2020 nchini Marekani, chakula cha mbwa cha kiwandani kiliondolewa madukani kwa sababu ya sumukuvu, na mbwa zaidi ya 100 waliripotiwa kufa.

Simba alianza kwa kukataa chakula. Kisha akatapika, na mkojo wake ukawa wa kahawia. Daktari wa mifugo alipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa wa manjano, na weupe wa macho vilevile.

"Amekuwa akila nini, mzee?"

"Chakula cha kawaida tu, daktari."

Niliona haya kusema kweli. Kwa jibu langu akashuku homa ya kupe, ambayo nayo huweza kuleta manjano, akaanza kuitibu. Tuliporudi kwake Simba akiwa anaharisha damu nyeusi, mke wangu ndiye aliyesema: "Daktari, tumemlisha unga wa mahindi yaliyooza." Hapo matibabu yakabadilika: dripu, sindano za vitamini K za kusaidia damu kuganda, dawa za kulinda ini, na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Sumukuvu haina dawa ya kuifuta mwilini. Daktari husaidia sehemu ya ini iliyosalia, na kila siku inayopotea huipunguza sehemu hiyo. Siku hizo nilizipoteza mimi kwa uongo wangu.

Gharama zilipopanda ndipo nikakumbuka kuulizia bima. Bima ya ng'ombe nilikuwa nikiisikia, ya mbwa sikuwahi kuiwazia. Nikaelezwa kwamba bima hailipii ugonjwa uliokwisha kuanza, na hata anayejiunga na mnyama mzima huwa na muda wa kungoja kabla ya kulipiwa. Jibu hilo ni la haki. Bima hukatwa mnyama akiwa na afya. Nililipa kutoka mfukoni fedha ambazo zingenunua magunia kadhaa ya mahindi mazuri, na Simba hakupona.

Ndugu msomaji, mahindi yakiota kuvu, yazike mbali na mifugo. Usiyasage kwa ajili ya mbwa, wala usimpe kuku au ng'ombe, maana sumu anayokula ng'ombe hupita kwenye maziwa ambayo watoto wako watakunywa. Anika nafaka yako juu ya turubai, iingie ghalani ikiwa imekauka sawasawa. Na daktari akikuuliza mnyama wako amekula nini, mweleze ukweli wote papo hapo, hata ukikuaibisha.