Neti ya Hamoki Isishonewe

Wasee, mimi hamoki iliyoshonewa neti siitaki. Neti ikae kando. Mchana ukiwa Naivasha unataka upepo na uone ziwa vizuri, si kujifungia kama mkate kwa karatasi. Lakini ukienda kukempu Homa Bay, usiku ni story ingine. Kanda ya ziwa malaria haina mchezo, na mbu wake huuma usiku.

Kwa hivyo tafuta miti miwili iliyoachana kama mita 4, ufunge mikanda. Valisha hamoki neti kwanza, kama soksi, ndio utundike. Kamba zishuke digrii 30 hivi. Ukikaza sana, hamoki itakubana mabega. Ikilegea, unalala mshazari na mgongo unanyooka.

Hakikisha neti imepita chini pia. Kitambaa cha hamoki ni chembamba, mbu anakudunga mgongo akiwa nje. Neti ya kitanda inayoning'inia wazi chini haikusaidii hapo.

Asubuhi ikung'ute, ikauke, iingie mfuko wake. Iweke juu kabisa kwa begi. Jioni ndiyo utaitafuta kwanza, na mbu hawangoji upate tochi.