Miguu Pekee Haitoshi

Mshika mbili moja humponyoka, walinena wahenga. Nami niliamini, hata nikaacha Hesabu ili nishike mbio tu. Si Henry Rono alitoka Nandi akaenda Chuo Kikuu cha Washington State, na mwaka wa 1978 akavunja rekodi nne za dunia kwa siku 81?

Likizo ya Aprili binamu yangu alinionyesha barua. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani alimtaka sana, lakini NCAA, chama cha michezo ya vyuo huko, kilikagua cheti chake cha KCSE kikamkataa. Daraja la kwanza hudai masomo 16 ya msingi, Kiingereza, Hesabu na sayansi yakiwemo, na wastani wa 2.3 kwa 4. Somo ulilofeli halihesabiwi. Hesabu yake ilikuwa E.

"Usiniige, ndugu yangu," akasema, akatundika raba zake ukutani.

Jameni, logi ni kilima kushinda kile cha nyuma ya shule! Lakini sasa asubuhi nakimbia, jioni nakokotoa. Wanamichezo wenzangu, methali ile tuiweke kando: hapa ni kushika mbili au kukosa zote.