Kabla Hujasaini Bondi, Tafuta Mlango wa Kutokea

Leo sina mzaha mwingi.

Jumapili iliyopita binamu yangu alikuja kwa keja yangu na kurasa 19 ndani ya bahasha ya kaki. Tumwite Kevo. Kevo ni rubani. Sio wa TikTok, ni rubani wa ukweli, amesomea pale Wilson, ana leseni ya biashara. Kumsomesha kulimeza mamilioni, na hayo mamilioni yalitoka kwa shamba la anti yangu. Nusu liliuzwa. Nusu iliyobaki hati yake ilienda benki, na ilirudi mwaka jana tu.

Baada ya leseni, Kevo alirusha Caravan mwaka mmoja na kitu, akipeleka miraa na mizigo Somalia. Kandarasi ikaisha. Miezi minane sasa anauza viatu Toi. Ndio, rubani. Ukinunua raba Toi, uliza vizuri, pengine umehudumiwa na kapteni.

Sasa amepata mchongo. Kampuni ya ndege huko Asia inataka marubani wasaidizi wa Airbus A320. Watamlipia mafunzo yote ya ndege hiyo, kwa sababu leseni pekee haitoshi. Kila ndege kubwa ina cheti chake, marubani wanaita taipu retingi. Unasoma mifumo yake darasani, halafu unakaa kwa simuleta wiki kadhaa ukizimiwa injini na kuwashiwa moto wa uongo mpaka mwili uzoee. Ni pesa ndefu, na mtu wa Toi hana.

Lakini kuna bondi. Dola 30,000, miaka mitatu. Ukiondoka kabla ya hapo, unalipa. Kwa shilingi 130 hivi kwa dola, hiyo ni karibu milioni 3.9. Na ukurasa wa 17 una nafasi ya mdhamini: ndugu wa karibu, atakayelipa kama Kevo hatalipa.

Anti alikuwa ameshatafuta kalamu.

Sasa mtaniuliza, wewe uliyeacha chuo mwaka wa pili unajua nini kuhusu mikataba? Najua kitu kimoja. Nikiwa na miaka 18 nilijaza fomu ya mkopo wa masomo bila kusoma hata mstari, na mathe akaweka sahihi kama mdhamini wangu. Mimi nikaacha chuo. Mkopo haukuacha. Hadi leo kila mwezi natoa kitu kidogo kwa pesa ya video, na siku sijatoa, mathe ndiye anayekosa usingizi. Kwa hivyo nilimwambia Kevo: weka chai, tunasoma kurasa zote 19.

Kwanza niwe mkweli. Nilikuwa nimeamua bondi ni utumwa mambo leo, na nilikuwa tayari kurekodi video ya hasira. Kevo akanituliza. "Kampuni ikinifundisha leo, kesho jirani yake ananichukua kwa mshahara wa juu kidogo bila kutoa hata senti ya mafunzo. Bila bondi hawatachukua mtu kama mimi. Watachukua wale ambao tayari wana cheti." Hiyo ni kweli. Kuna njia nyingine pia, ya kujilipia mafunzo mwenyewe, na wengine duniani hulipa hata ili waruhusiwe kurusha abiria na kukusanya saa. Huko ukikosa kazi unabaki na cheti na deni. Ukilinganisha, bondi ni mkopo unaolipa kwa kukaa. Sio dhambi.

Shida iko kwa vipengele vidogo.

Cha kwanza, deni linapunguaje? Kama linapungua kila mwezi, 30,000 ukigawa kwa miezi 36 ni dola 833 hivi. Ukikaa miaka miwili, umebakisha 10,000. Lakini mkataba wa Kevo ulisema kiasi chote kinadaiwa hadi siku ya mwisho. Yaani mwezi wa 35 mamake augue, arudi nyumbani, bado anadaiwa 30,000 nzima. Hapo sio gharama ya mafunzo tena, ni adhabu.

Cha pili, saa inaanza kuhesabu lini? Ukidhani ni siku ya kusaini, soma tena. Ilikuwa siku atakapomaliza ukaguzi wa mwisho akiwa na abiria. Ratiba ikichelewa miezi sita, miaka mitatu imekuwa mitatu na nusu.

Cha tatu, nani ameondoka? Ukijiuzulu, sawa, umeondoka. Lakini wakikufuta kazi kwa sababu biashara imeanguka? Mwaka 2020 korona ilipozima ndege, marubani wengi dunia nzima walipoteza kazi bila kosa. Na ukipoteza cheti cha afya, ambacho bila hicho rubani haruki? Mkataba ulisema "kukoma kwa ajira kwa sababu yoyote." Neno "yoyote" ni dogo, lakini lingeweza kula shamba.

Cha nne, bosi ni nani? Mshahara unalipwa na wakala aliye nchi moja, ndege ni za kampuni ya nchi nyingine, na kesi itasikilizwa nchi ya tatu. Sheria yetu ya ajira ya 2007 inasema makato yote hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara wako. Mahakama zetu pia zilirithi kanuni ya Uingereza kwamba fidia ya mkataba isigeuke kuwa adhabu. Poa sana. Lakini ukisaini kwamba sheria ni ya kwao, hizo ngao unaziacha hapa JKIA.

Halafu kuna kitu Kevo alisema polepole, akiangalia kikombe. Kanuni za kimataifa za anga zinampa rubani msimamizi neno la mwisho kuhusu safari ya ndege yake. Na msaidizi pia anatakiwa kusema akiona mambo si sawa, au aseme amechoka, haruki. "Sasa fikiria," akasema, "najua nikikosana nao nadaiwa milioni nne na shamba la mathe. Hiyo siku nitafungua mdomo?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba deni linaweza kukaa na rubani pale mbele, na abiria nyuma wanakula karanga hawajui.

Jumatatu Kevo aliandika barua pepe. Sio ya matusi, ya heshima. Aliomba mambo matatu: deni lipungue kila mwezi, bondi ife kama wao ndio wamemwachisha au akipoteza afya, na mdhamini aondolewe. Anti alikasirika, akasema tutampotezea mtoto kazi, kwamba maskini hachagui kiatu. Mimi mwenyewe sikulala vizuri. Mambo yangeharibika, mimi ndiye niliyemwambia asome.

Jibu lilikuja Alhamisi. Deni litapungua kila mwezi: sawa. Akiachishwa bila kosa au akipoteza afya: sawa. Mdhamini: anabaki.

Yaani mambo mawili yalikuwa yanawezekana muda wote, walikuwa wanangoja tu mtu aulize.

Anti akachukua kalamu tena. Kevo akamshika mkono. Ndipo nikasoma tena ukurasa wa 17. Haukusema mzazi. Ulisema ndugu wa karibu, mtu mzima, mwenye kitambulisho. Nikauliza kama binamu ni ndugu wa karibu, wakala akajibu ndiyo.

Nimesaini mimi. Sina shamba. Siku ikifika ya kudaiwa, watapata taa moja ya kurekodia, simu yenye kioo kimepasuka na kiti cha plastiki. Najua pia wanaweza kunisumbua miaka mingi, na sitajifanya siogopi. Lakini safari hii nimesoma kila ukurasa, na najua deni linapungua dola 833 kila mwezi ambao Kevo yuko kazini.

Anaondoka mwezi ujao. Viatu vilivyobaki Toi ameniachia niuze. Saizi 42 ziko nyingi, kama unahitaji.

Na wewe mwenye mkataba kwa droo, wa kazi, wa mkopo, wa meneja wa chaneli yako: umeusoma hadi ukurasa wa mdhamini? Utoe leo. Uliza swali moja tu la heshima. Wakikukatalia, angalau utajua unasaini nini.