Kwa kinga hadi Yangambi

Mjini Kisangani baiskeli ni kazi. Ukimwona mtu juu ya kinga, amebeba kitu: mafuta ya mawese, makala, ndizi, samaki, mama na mtoto wake. Toleka zilishika mji huu miaka ya vita, petroli ilipokuwa adimu, na hata leo, ingawa pikipiki zimezinyang'anya abiria wengi, bado utazikuta zikisubiri karibu na soko, kiti cha nyuma kimefungwa mto wa sponji. Jina lenyewe ni la Kilingala, maana yake "tupite", na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaona mara moja kwamba "to-" hiyo imekaa pale pale inapokaa "tu-" yetu. Kwa hiyo tulipotangaza kwamba likizo ya Pasaka tutakwenda Yangambi kwa kinga, watu watatu bila mzigo, hakuna aliyeuliza kama tutafika. Wote waliuliza tunakwenda kuuza nini.

Jibu letu lilikuwa "kutembea tu", na halikumridhisha mtu. Kutembea kwa Kiswahili cha huku ni kwenda kumwona mtu. Unatembelea shangazi, unatembelea mgonjwa. Barabara haitembelewi.

Tulikuwa hivi: dada mmoja wa Idara ya Kiingereza, mimi wa Kiswahili, na mwenzetu tuliyemwita Yaya Toleka kwa sababu ametuzidi umri na kwa sababu ada yake ya chuo inatoka kwenye pedali. Asubuhi yuko darasani, alasiri yuko sokoni. Mama yake ni Mlokele. Yeye ndiye aliyezichagua kinga zetu, akazigonga ringi kwa kidole kama mtu anayechagua chungu, akatia kwenye mfuko viraka, gundi, pampu na kipande cha waya ambacho baadaye kilifanya kazi ya breki, ya mkanda na ya kamba ya kuanikia nguo. (Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam aliwahi kutuambia kwamba kwao kinga ni chanjo. Tulikumbuka maneno yake siku ya kwanza, kilomita chache nje ya mji, kinga zetu tatu zisipotukinga na chochote.)

Aprili ni katikati ya mvua za Machi hadi Mei. Tulilijua hilo, lakini likizo haichagui majira. Ndani ya msitu mvua huisikii ikianguka, unaisikia ikija. Inatembea juu ya majani kwa mbali, unapata muda wa kufunga mfuko wa plastiki ulio na daftari, kisha inakufikia yote kwa pamoja. Barabara ya udongo mwekundu inageuka kuwa kitu kinachonata. Udongo unajaa kati ya tairi na chuma cha mbele hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na kila hatua mia mbili unasimama, unachukua kijiti, unachokonoa, unaendelea. Yangambi iko kilomita kama 100 kutoka mjini, kwenye ukingo wa kulia wa mto, kuelekea maji yanakokwenda. Mtu akikuambia ameendesha zote hizo wakati wa mvua, usibishane naye, lakini ujue sehemu kubwa aliisukuma.

Tulivuka Lindi tumelowa, na usiku wa kwanza tukalala Yakusu, kwa mwalimu mstaafu aliye jamaa ya mama wa Yaya Toleka. Yakusu kwa msomi wa lugha si kijiji cha kupita tu. Hapo ndipo alipofanya kazi John Carrington, mmisionari Mbatisti aliyejifunza lokole, ile ngoma ya gogo, hata akaandika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema. Baadaye alifundisha hapa Kisangani, katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1963. Mzee wetu alitueleza jambo hilo bila kitabu. Kilokele ni lugha ya toni. Gogo lina midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu, mmoja wa sauti ya chini, na mpigaji anapiga toni za maneno, si maneno yenyewe. Kwa kuwa maneno mengi yanashirikiana toni, neno moja halitoshi. Linavutwa kuwa sentensi nzima, sifa juu ya sifa, mpaka msikilizaji aliye mbali asiweze kulichanganya na lingine.

Kisha akanigeukia. "Na Kiswahili chenu kinapigwa namna gani?"

Nilimweleza kwamba Kiswahili hakina toni, kina mkazo tu, na mkazo unakaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kikipigwa kwenye gogo maneno yote yatafanana.

"Basi usiku, mtu akiwa mbali, mnaitana vipi?"

"Kwa simu, papa," dada yetu akajibu, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya pili hakukuwa na mtandao wa simu. Mvua ilianza kabla ya saa sita na haikupumzika. Tulipita vijiji ambako watoto walikuwa wameziba mashimo ya barabara kwa matawi na kudai malipo. Walipotuona hatuna mzigo walituonea huruma, wakatupisha bure. Daraja moja la magogo lilikuwa chini ya maji, tukalivuka kwa kupapasa kwa miguu, kinga mabegani. Cheni ya dada ilikatika mara mbili. Giza lilitukuta kati ya vijiji, na tulipoona mwanga wa taa kwenye ufa wa ukuta wa nyumba moja iliyojitenga, hatukushauriana. Nilikuwa mbele, nikabisha hodi.

"Ni nani?" Sauti ya mwanamke mzee, kwa Kilingala.

"Ni siye, mama. Siye banafunzi ba Kisangani. Mvua inatupiga."

Taa ikazimwa.

Nilirudia, kwa adabu zaidi, kwa Kiswahili cha darasani, chenye "tafadhali" na "samahani". Ndani hakukuwa na sauti hata ya kikohozi. Dada alikuwa anatetemeka kiasi kwamba kengele ya kinga yake ilikuwa inalia yenyewe. Yaya Toleka akanisogeza pembeni kwa mkono, akakaribia mlango, akaanza kusema Kilokele, taratibu, kwa muda mrefu. Sikielewi, lakini nilisikia jina la kijiji cha mama yake, na nadhani jina la babu. Hakuwa anaomba mlango ufunguliwe. Alikuwa anaongeza sentensi juu ya sentensi, kama lile gogo la Yakusu, mpaka aliye ndani asiweze kumchanganya na mtu mwingine.

Komeo likatoka.

Alitupa jiko la nyuma, moto, shuka moja na mahindi ya kuchoma. Hakunisemesha. Alizungumza na Yaya Toleka tu, na kwa dada yetu alionyesha kwa mkono.

Asubuhi mvua ilikuwa ingalipo. Dada alikuwa anakoroga sombe jikoni pamoja na yule mama, mimi nikiwa mlangoni na cheni mkononi, niliposikia: "Punguza moto kidogo, mwanangu, itaungua chini." Kiswahili. Tena si cha kubahatisha. Kilikuwa cha ukingo wa kushoto kabisa, cha Lubunga. Dada alinitazama. Hatukusema kitu. Baada ya chakula alitueleza mwenyewe, kwa lugha hiyo hiyo, akisimama mara kwa mara kutafuta neno. Alizaliwa Lubunga. Aliolewa huku, na mume wake alikuwa mtu wa kinga: alisukuma mafuta ya mawese hadi mjini na kurudi na chumvi na sabuni. Wakati wa vita watu wenye bunduki walibisha hodi usiku, kwa Kiswahili, kwa adabu. Mume alifungua. Walichukua kinga, na mume alichukuliwa ili aisukume. Kinga haikurudi, wala yeye. Hakusema walikuwa wa jeshi gani, nasi hatukuuliza.

Mimi nilizaliwa baada ya hayo. Najua tarehe: 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda wakipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita. Najua pia kwamba tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325: 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Katika mgawanyo huo hakuna safu ya lugha, wala sidhani ingewezekana kuiweka. Lakini darasani tunafundishana kwamba Kilingala kilisambazwa na jeshi na Kiswahili kikasambazwa na biashara, kana kwamba lugha ikishatoka nyumbani inakumbuka ilikoanzia. Mlangoni kwa mama yule historia hiyo ilikuwa kinyume. Kiswahili kilikuwa sare ya askari. Hata Kiswahili changu, chenye "tafadhali".

Tulipoondoka alimpa dada chupa ya mawese iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, akaomba tumpelekee mdogo wake Lubunga, na ujumbe: "Mumwambie mvua ya mwaka huu ni sawa na ile ya mwaka papa alijenga nyumba." Tulitaka kuuandika, akakataa. Alitaka tuushike kichwani.

Yangambi yenyewe nitaipitia haraka, kwa kuwa tulikaa siku moja tu na nusu ya siku hiyo tulilala. Wabelgiji walianzisha hapo kituo chao kikubwa cha utafiti wa kilimo mwaka 1933. Majumba ya matofali bado yamesimama kwenye mwinuko juu ya mto, mengine yana watu, mengine yana miti ndani. Kuna ndizi inayoitwa Yangambi Km 5, ambayo leo inalimwa katika nchi nyingi za Afrika na watu wasiojua kwamba Km 5 ni mahali. Tulilala katika nyumba ya wageni yenye kitanda cha kweli, na mwenye nyumba alituuliza tunauza nini. Yaya Toleka, ambaye siku zote tatu hakuchoka, hapo ndipo alipolala saa kumi na nne.

Kurudi tulipanda mtumbwi wa injini, kinga zikiwa zimelazwa juu ya magunia, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika nyuma yetu. Siku mbili baadaye tulivuka mto kwenda Lubunga, na kwa kuuliza uliza tukaipata nyumba. Mdogo wake alikuwa mama wa makamo, anafua. Alipokea chupa, akainusa, akamshukuru Mungu, akatuambia dada yake humpigia simu mara moja moja akienda mahali penye mtandao, na hata yeye akianza kwa Kiswahili, dada humjibu kwa Kilingala. Imekuwa hivyo miaka yote hiyo. Ndipo tukamwambia kuna na ujumbe. Tukausema jinsi tulivyoupokea.

Aliacha nguo ndani ya beseni.

"Alisema vile? Na Kiswahili?"

"Na Kiswahili, mama."

Akatuambia turudie. Tukarudia neno kwa neno, na safari hii alikuwa anasogeza midomo pamoja nasi.